Wanaouguza jamaa zao nyumbani wasinyimwe elimu na riziki

WAHENGA walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaonya wenye tamaa. Hata hivyo, wako wenzetu wengi walioshika mbili, na hata tatu, si kwa tamaa bali kwa kuwa hawana wa kumwachia hata moja. Hao ndio wanaouguza wazazi, waume, wake au watoto wao nyumbani, na papo hapo wanafanya kazi au wanasoma.

Katika makala haya nakusudia kuuliza ni nini serikali inachopaswa kuwafanyia watu hawa. Aidha, nitaonyesha kwa mfano wa nchi moja iliyotutangulia katika jambo hili jinsi msaada wa serikali unavyoweza kumsimamisha mtu, na jinsi msaada uo huo unavyoweza kumwangusha.

Muhula mmoja mwanafunzi wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini mwangu akiwa na fomu ya kuomba kuahirisha masomo. Fomu hiyo humtaka mhadhiri atie alama penye sababu mojawapo: ugonjwa, ukosefu wa karo, au sababu nyinginezo. Nilimwuliza kama alikuwa mgonjwa.

“Hapana, Mwalimu. Mimi ni mzima.”

“Basi ni karo?”

“Karo imelipwa, Mwalimu. Ni mama.”

Mama yake alikuwa amepatwa na kiharusi miezi mitano iliyotangulia, na upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa ganzi. Kaka zake wawili walikuwa na kazi mbali na nyumbani, wakituma fedha kila walipojaliwa. Binti huyu, ambaye ndiye kitinda mimba, alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kumwogesha mama, kumlisha na kumbadilisha nguo, kisha akipanda matatu kuja darasani. Jioni alifanya kibarua katika duka la kutoa nakala karibu na lango la chuo ili apate fedha za kununulia nepi za watu wazima na dawa za shinikizo la damu. Jirani aliyekuwa akimwangalia mama mchana alikuwa amehama. Kamba, kama tujuavyo, hukatikia pembamba.

Nilitia alama penye “sababu nyinginezo”, nikaandika “matatizo ya kifamilia”, nikaweka sahihi. Shughuli hiyo haikunichukua hata dakika tatu. Alipokwisha kuondoka nilifungua daftari la mahudhurio, nikaona kwamba kwa majuma sita nilikuwa nimemwandika mtoro, wala sikuwahi kumwuliza lolote.

Mimi ni mtu wa lugha, na nadhani sikosei nikisema kwamba kisicho na jina hakionekani katika fomu wala katika bajeti. Kiswahili kina kitenzi kizuri cha kazi aliyokuwa akiifanya binti yule: kuuguza, kinachotokana na kuugua. Anayeuguza tungemwita mwuguzi, lakini neno hilo tumekwisha kulikabidhi kwa mtaalamu wa hospitalini mwenye cheti na mshahara. Mlezi tunamhusisha na mtoto, na mhudumu ni wa hotelini au ofisini. Anayebaki nyumbani na mgonjwa hana jina la kazi yake. Huitwa binti ya fulani, mke wa fulani, au kwa ufupi “yule asiye na kazi”.

Ilhali tukivitazama vitenzi vya siku yake, karibu vyote viko katika kauli ya kutendesha: hulisha, hunywesha, huogesha, hulaza, huamsha, hutembeza. Kila tendo ambalo mgonjwa alikuwa akilitenda peke yake sasa linahitaji watu wawili, na mmoja wao hulitenda bila malipo. Katika makala haya nitamwita mtu huyu mtunzaji, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Nchi ninayotaka kuitolea mfano ni Uingereza. Huko nako mtunzaji hakutambuliwa kwa muda mrefu. Mnamo 1963 mhubiri mmoja, Mary Webster, ambaye alikuwa ameacha kazi yake ili awatunze wazazi wake, aliandika barua magazetini kueleza masaibu ya wanawake wasioolewa waliobaki nyumbani wakiuguza wazazi. Wenzake wengi walimwandikia wakisema kwamba hayo ndiyo maisha yao. Mnamo 1965 chama cha kuwatetea kikaundwa, na mnamo 1976 serikali ikaanzisha posho ya kila wiki kwa mtu aliyeacha kazi ili amtunze jamaa asiyejiweza.

Hata hivyo, posho hiyo ilianza na ubaguzi. Wanawake walioolewa, pamoja na wale walioishi na wanaume kinyumba, hawakuruhusiwa kuipokea. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba wangekuwa nyumbani hata hivyo! Ilichukua miaka 10, na kesi ya mwanamke aitwaye Jacqueline Drake aliyekuwa ameacha kazi kumtunza mama yake, kabla ya Mahakama ya Haki ya Ulaya kuamua mnamo Juni 1986 kwamba ubaguzi huo ulikiuka kanuni ya usawa baina ya wanaume na wanawake.

Mnamo 2003 jina la posho nalo likabadilishwa. Jina la kwanza lilimtaja asiyejiweza. Jina jipya likamtaja mtunzaji. Kwa mara ya kwanza aliyekuwa amesimama kando ya kitanda akaingia katika jina la msaada aliokuwa akipewa. Takriban watu milioni 1 hulipwa posho hiyo hivi leo.

Masharti yake si mengi. Mtunzaji awe anamhudumia mgonjwa kwa saa zisizopungua 35 kwa wiki, na mgonjwa mwenyewe awe anapokea mojawapo ya malipo ambayo serikali huwapa walemavu au wazee wanaohitaji kuangaliwa. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2024 posho ilikuwa pauni 81.90 kwa wiki. Ukiigawa kwa saa 35 unapata pauni 2.34 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa mwajiriwa mtu mzima mwaka uo huo kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Ni dhahiri basi kwamba fedha hizi si mshahara, na hakuna awezaye kudai kwamba zinamtajirisha mtu.

Mtunzaji anaruhusiwa kufanya kazi ya kuajiriwa, lakini mapato yake, baada ya kuondolewa kodi na gharama fulani, yasipite kiwango kilichowekwa. Mwaka huo kiwango kilikuwa pauni 151 kwa wiki. Hapa ndipo penye mwiba. Aliyepata pauni 151 alipokea posho yote. Aliyepata pauni 152 hakupokea hata peni moja. Hakuna ngazi ya kushukia, kuna shimo.

Wasomaji wanaofundisha hesabu watanisaidia kulipima shimo hilo. Mtu aliyezidisha pauni 1 kila wiki kwa mwaka mzima, labda kwa kuongezwa nusu saa kazini, hakudaiwa pauni 52 alizozidisha. Alidaiwa posho yote ya wiki 52, yaani pauni 4,258.80. Fauka ya hayo, idara inayolipa posho ilikuwa ikipokea taarifa za mishahara kutoka kwa mamlaka ya kodi, lakini haikuzishughulikia zote kwa wakati. Makosa ambayo yangesahihishwa kwa barua moja katika mwezi wa kwanza yaliachwa yakarundikana kwa miezi na miaka, ndipo mtunzaji akaletewa deni la maelfu ya pauni.

Mnamo 2024 habari hizi zilipofichuliwa na gazeti la The Guardian, ilidhihirika kwamba zaidi ya watunzaji 130,000 walikuwa wakilipa madeni ya namna hiyo, na baadhi walikuwa wamefikishwa mahakamani kwa ulaghai. Serikali ilimteua Liz Sayce kuchunguza, na ripoti yake ilitolewa Novemba 2025. Ilionyesha kwamba kasoro kubwa ilikuwa katika mfumo wenyewe: maelekezo ya kukadiria mapato yanayobadilikabadilika kila wiki hayakuwa wazi, na mtunzaji ndiye aliyebebeshwa mzigo wa utata huo. Serikali ikaahidi kuzipitia upya kesi za wale waliodaiwa.

Kabla ya hapo, Aprili 2025, kiwango cha mapato kilikuwa kimepandishwa hadi pauni 196 kwa wiki, na kikafungamanishwa na kima cha chini cha mshahara kwa saa 16. Hilo ni jambo jema. Lakini anayepata pauni 197 mwaka huo alikosa posho yote vilevile. Shimo halikufukiwa, lilisogezwa tu.

Sharti jingine linatuhusu zaidi sisi wa shuleni na vyuoni. Katika posho hiyo ya Uingereza, anayesoma kwa saa 21 au zaidi kwa wiki huhesabiwa kuwa mwanafunzi wa wakati wote, naye hapewi kitu. Saa zinazohesabiwa si za darasani pekee, bali pia zile za kazi anazopewa na walimu wake. Watetezi wa kanuni hii husema kwamba mwanafunzi ana mfuko wake mwingine, yaani mikopo na ruzuku za elimu. Hoja hiyo ina uzito kiasi, lakini haitoshi. Mkopo wa masomo ni deni atakalolilipa kesho kwa ajili ya elimu yake. Hauwezi kuwa malipo ya kumwogesha baba leo.

Matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 19 anayemuuguza mzazi huambiwa, bila kutamkiwa waziwazi, achague: posho au cheti. Akichagua posho, miaka 10 baadaye mzazi amefariki, posho imekatika, na kijana hana elimu wala ujuzi wa kazi. Nchi imeokoa fedha kidogo na kupoteza mwalimu, fundi au daktari.

Waskoti wameliona kosa hili. Walipopata mamlaka ya kuendesha misaada yao wenyewe, walianzisha malipo mapya ya watunzaji badala ya yale ya London, wakianzia katika maeneo machache Novemba 2023 na kuyaeneza kote Uskoti mnamo Novemba 2024. Chini ya mpango huo wengi wa wanafunzi wa wakati wote, wakiwemo wa vyuo vikuu, wanaruhusiwa kupokea malipo. Kabla yake, tangu Oktoba 2019, walikuwa wameanzisha ruzuku ya mara moja kwa mwaka kwa watunzaji vijana. Yamkini Waskoti hawakuwa na fedha nyingi kuliko wengine. Walichokuwa nacho ni uamuzi kwamba kusoma si kosa la kuadhibiwa.

Sasa turudi nyumbani. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka serikali iwasaidie wale wasioweza kujikimu wenyewe na wanaowategemea. Kifungu cha 57 kinasema kwamba wazee wana haki ya kupata utunzaji na msaada kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Tuzingatie kiunganishi hicho “na”. Katiba haikusema familia au serikali. Haikusema familia kwanza, kisha serikali ikipenda. Ilisema zote mbili kwa pamoja.

Kwa haki, serikali haijakaa bure. Chini ya mpango wa Inua Jamii, wazee waliotimiza miaka 70, familia zinazolea mayatima, na watu wenye ulemavu mkali wanaohitaji kuangaliwa wakati wote hupewa Sh2,000 kwa mwezi. Wako wanaonusurika kwa fedha hizo, nami siwezi kuzibeza. Lakini tukizitazama kwa makini tutaona kwamba ni fedha za chakula na dawa za mgonjwa au mzee mwenyewe. Mtunzaji huenda akazipokea kwa niaba yake, lakini yeye mwenyewe hahesabiwi. Tena mama wa mwanafunzi wangu hakuwa ametimiza miaka 70, na kiharusi chake kilikuwa cha juzi. Kati ya milango yote hiyo hapakuwa na mmoja uliomfungukia binti yake.

Na ni wazi ni nani hasa anayeumia. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Taifa mnamo 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini hutumia takriban mara tano ya muda wanaotumia wanaume katika kazi za nyumbani na za kutunza watu bila malipo. Mzazi anapougua, kikao cha ukoo huketi, wana wa kiume hutaja kiasi watakachotuma, na macho ya wote humgeukia binti. Mara nyingi hata haulizwi.

Kazini nako hali ni iyo hiyo. Sheria ya Uajiri ya 2007 inatambua likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa wa mwajiriwa mwenyewe, na likizo ya uzazi kwa mama na kwa baba. Haitaji likizo ya kumuuguza jamaa. Wako waajiri wanaowapa wafanyakazi siku chache kwa huruma au kwa makubaliano, lakini huruma ya bosi si haki. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 2024, humpa kila mwajiriwa juma moja kwa mwaka la kumtunza jamaa, ingawa bila malipo. Ni kidogo, lakini kimeandikwa.

Najua watakaosema kwamba Mwafrika hamuuguzi mamake kwa posho, na kwamba fedha zitaharibu utu wetu. Nawaheshimu, kwa maana wanatetea jambo jema. Lakini na waseme kweli: je, sisi hatutoi fedha katika ugonjwa? Hatupitishi daftari la harambee kulipia bili ya hospitali? Hatuchangi kwa ajili ya jeneza, hema na chakula cha matanga? Tunachanga mgonjwa anapoingia hospitalini na tunachanga anapoingia kaburini. Kati ya milango hiyo miwili ipo miezi na miaka ya kugeuza mtu kitandani usiku, na kwa kipindi hicho daftari letu halipiti. Sisemi upendo ununuliwe. Nasema anayependa naye hula, hupanda matatu na hulipa karo.

Wengine watasema hazina haina kitu. Hilo nalo nalielewa, na ndiyo maana sipendekezi tuige Uingereza kesho asubuhi. Yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kumtambua mtunzaji. Shule na vyuo viongeze katika fomu zao mstari mmoja tu: “Je, unamuuguza mtu nyumbani?” Anayejibu ndiyo, akithibitishwa na chifu au zahanati, asihesabiwe mtoro kama aliyelala bwenini. Aruhusiwe kupunguza masomo kwa muhula badala ya kuyaacha yote, na apewe mtihani maalumu bila kuonekana anaomba sadaka.

La pili ni sheria ya kazi kutenga siku za kumuuguza jamaa, hata kama ni chache. La tatu, na hili litahitaji fedha, ni kumwongezea mtunzaji fungu lake mwenyewe katika Inua Jamii, tukianza na nyumba zenye wagonjwa wasiojiweza kabisa.

Hapo ndipo tusisahau funzo la Uingereza. Fungu hilo lisikatwe ghafla mtunzaji apatapo kibarua. Tuseme amewekewa Sh3,000 kwa mwezi, kisha apate kazi ya jioni ya Sh2,000. Akinyang’anywe zote tatu, atakuwa amefanya kazi ili awe maskini zaidi, na mwenye akili ataiacha kazi hiyo au ataificha. Akipunguziwe senti 20 kwa kila shilingi anayoipata, yaani Sh400, atabaki na Sh4,600 mkononi na serikali nayo itakuwa imeokoa kitu. Hiyo ndiyo ngazi niliyosema inakosekana kule. Na anayesoma asikatwe chochote, kwa sababu masomo yake ndiyo yatakayomtoa katika orodha ya wanaosaidiwa.

Walimu wenzangu, tusingoje Bunge. Mwanafunzi anayesinzia asubuhi huenda hakuwa dansini usiku. Kabla ya kumwandika mtoro, tumwulize swali moja. Nanyi wanafunzi mnaobeba mizigo hii kimya kimya, semeni mapema kabla kamba haijakatika. Kuuguza mzazi si aibu ya kufichwa.

Nimeahidi kueleza kwa nini nimechagua neno mtunzaji. Kutunza ni kuangalia kitu au mtu kwa uangalifu. Lakini katika Kiswahili kitenzi hicho kina maana nyingine pia: ni kumtuza mtu, kama watu wanavyomtunza mcheza ngoma hodari kwa kumpa fedha uwanjani. Ndiyo maana husemwa kwamba mcheza kwao hutunzwa. Waliotuachia lugha hii waliziweka kazi na shukrani katika neno moja. Sisi tumeichukua maana ya kwanza na kumkabidhi binti, na ile ya pili tumeisahau.

Yule mwanafunzi hajarejea chuoni. Katika faili yake, sababu iliyoandikwa kwa mkono wangu ingali ile ile: nyinginezo.